Kilo Saba Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepimwa. Kilo mia moja na kumi na saba. Muuguzi wa kazini hakusema neno, aliandika tu, na mimi namwogopa sana mtu anayeandika bila kusema. Kisha akanifunga ule mkanda wa presha mkononi, akaandika tena. Safari hii akaandika kirefu.

Baadaye msimamizi wa yadi akapanda nami hadi kwenye kibanda cha kreni, akanionyesha kibandiko nyuma ya kiti. Miaka kumi na moja nimekikalia kiti hicho, mgongo wake sijawahi kuuona. Mwisho kilo mia moja na kumi. Watu wa bima wameamua kusoma vibandiko. Nitapimwa tena Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, saa nane mchana. Nikizidi nashuka, anapanda Sindano.

Sindano ni mtoa ishara wangu. Husimama chini yadini na redio ya mkononi kuniambia kushoto, kulia, shusha. Ana leseni ya kreni mfukoni na kiuno cha mtoto wa shule. Anakula kama moto kwenye nyasi kavu na hanenepi hata kope. Mimi wananiita Tani.

Kilo saba, siku kumi na moja. Si nyingi. Nimewahi kupoteza pikipiki nzima kwa dakika tano.

Mke wangu nimemwambia vipimo ni safi. La presha sitalitaja. Kaka yangu mkubwa alianguka akifunga kamba za viatu, hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mimi nina arobaini na saba, na tangu siku ile navaa viatu vya kutumbukiza.

Mpango: mlo mmoja kwa siku, jioni. Njaa ni mazoea tu.

Jumanne, 4 Machi

Njaa si mazoea.

Saa nne asubuhi tumbo liliunguruma mpaka Sindano akauliza redioni kama injini ya kreni ina hitilafu. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Msimamizi akamtuma fundi. Maskini akapanda vidato mia na kumi na viwili, akatega sikio kwenye injini nusu saa nzima, nami nimelikaza tumbo kama ngoma. Akashuka akisema hajasikia kitu lakini ataandika ripoti. Kila mtu anaandika.

Mchana nikakumbuka kinyozi wangu aliwahi kusema maji hulidanganya tumbo. Nikanywa lita tatu. Tumbo likadanganyika dakika ishirini. Kibofu hakikudanganyika hata kidogo. Kutoka kibandani hadi chooni ni ngazi yote ile, halafu hatua mia mbili. Nilishuka mara nne. Ya tano kontena lilikuwa hewani na lori linalisubiri chini yake, nikabaki nimebana magoti, jasho linanitoka hadi kwenye nyusi, nikaomba dua ambazo sikujua kama bado nazikumbuka.

Niliposhuka, Sindano akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima kisukari. Mjomba wake alianza hivihivi, alisema, choo kila saa. Akanipa mkate wa moto aliokuwa nao kwenye karatasi. Nikaukataa. Mkate ule ulikuwa na siagi!

Sasa naogopa presha na kisukari. Asubuhi nilikuwa naogopa kimoja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilishinda. Leo nimeshindwa, tena vibaya.

Sikula asubuhi. Sikula mchana. Saa nne Sindano akaleta tena mkate wake, wa tatu wiki hii, akaugonga kwa kidole ili niusikie ulivyo mkavu kwa nje. Nimeuelewa mchezo. Anataka nivuke kilo mia na kumi nikiwa natafuna mkate wake. Adui hakupi jiwe, anakupa siagi.

Saa kumi na moja nikafika nyumbani. Mke wangu hushona sare za shule kiwandani, harudi kabla ya saa kumi na mbili. Nyumba kimya. Kabati la jikoni limefungwa vizuri tu, halijanitazama wala kuniita. Sikumbuki kulifungua. Nakumbuka nikiwa nimesimama, nusu ya mkate imekwisha, viazi vinne vya kuchemsha havipo, na kopo la samaki liko wazi mkononi, nalamba mafuta ya pembeni. Nikaogopa. Si njaa iliyoniogopesha. Ni kule kutokumbuka.

Nikaosha uma. Nikalifukia kopo kwenye taka za jirani.

Mke wangu aliporudi akauliza mkate umekwenda wapi. Nikasema panya. Neno lilitoka lenyewe, sikulituma.

Mke wangu haogopi mtu duniani, ila panya. Alikula chakula cha jioni ameinua miguu juu ya kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa kusubiri hadi tarehe kumi na nne bila kujua nimefika wapi. Nyumbani hatuna mizani, na ya muuguzi inakaa na muuguzi. Yadini tuna mizani ya malori.

Nikachelewa kuondoka makusudi. Yadi ilipokuwa tupu nikapanda kwenye lile bamba la chuma na kusimama katikati kabisa. Namba zikafikiri, zikatoa jibu: 120.

Siku tano za mateso, kilo tatu zimeongezeka! Nikavua viatu. 120. Nikavua koti la kazi, mkanda, kofia. 120. Nikasimama kwa mguu mmoja. 120.

Sindano alikuwa amesahau redio yake, akarudi kuichukua. Akanikuta nimesimama peke yangu mahali pa lori la tani thelathini, miguuni soksi tu. Nikamwambia nakagua. Akatikisa kichwa taratibu, akanieleza kwa upole kwamba mizani ile husoma kwa ishirini ishirini. Mtu wa kilo mia na kumi na moja naye ni 120.

Nilifurahi kidogo. Kisha nikaanza kuogopa, maana sasa anajua ninajipima.

Jumatatu, 10 Machi

Nieleze kwa mpangilio, endapo mtu mwingine ndiye atakayekuja kusoma.

Jana Jumapili nilikunywa supu ya kabichi kutwa nzima. Kabichi, maji, chumvi. Haishibishi, ila inakukinaisha dunia. Mke wangu alishinda kwa jirani akiongea habari za panya, na jirani naye akasema amewasikia, tena wakubwa, wanakimbizana kwenye dari. Uongo wangu umezaa, na watoto wanakimbia darini kwa watu.

Leo jioni nikarudi saa kumi na moja. Nikajiambia sitaingia jikoni. Nikaingia kunywa maji. Nyuma kabisa ya kabati, pembeni, kuna sahani ndogo, na juu yake kipande kinene cha mkate kilichopakwa siagi. Nikashangaa nani amekisahau. Nikakila. Mara mbili tu, kwisha.

Saa kumi na mbili na robo mke wangu akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoka na ile sahani tupu ameishika kwa ncha za vidole. Akasema kwa furaha kwamba wamekula. Nikauliza nani wamekula. Akasema panya. Aliwawekea sumu asubuhi. Muuza duka amemhakikishia ile haichukui hata siku moja.

Nilikaa. Nadhani nilikaa, kwa sababu kiti kilikuwa chini yangu.

Nikamuuliza, kama mtu anayejali panya, huwa wanajisikiaje. Akasema kwanza ulimi unakuwa mzito. Ulimi wangu ukawa mzito palepale. Halafu miguu inapoa. Miguu ilikuwa baridi toka saa ngapi sijui. Nikanywa maziwa yote yaliyokuwamo, lita na nusu, kwa sababu nilisikia maziwa huzuia sumu. Akanitazama nikiyanywa. Nikasema kiu.

Nikaingia chumbani, nikaanza kuandika haya. Nimemwachia redio kubwa na zile mbao zilizoko uani. Pikipiki, ikipatikana, ni yake pia.

Baadaye. Sikuweza. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno. Nikamwita, nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Panya ni mimi.

Hakushtuka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Najua," akasema. "Panya gani hufungua kopo la samaki, akaosha na uma, akalifukia kopo kwenye taka za jirani? Sikuweka sumu. Niliweka mkate nione nani atakuja."

Nikashindwa kuamua nicheke au nilie. Nadhani nilifanya vyote, kwa zamu. Akauliza kwa nini nakula kwa kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikamweleza habari ya kiti na kilo. Ya presha sikumwambia. Ya kaka pia sikuitaja. Akasema kama ni kupungua, tutapungua mezani, watu wawili, kwa sahani inayoonekana. Akaniapisha kwamba kuanzia kesho nitakula. Nikaapa.

Lakini Ijumaa bado ni Ijumaa. Na nina lita na nusu ya maziwa tumboni.

Jumatano, 12 Machi

Zimebaki siku mbili. Kiapo kinanibana upande mmoja, kiti upande mwingine.

Nimepata njia ya katikati. Asubuhi mke wangu ananifungia chakula cha mchana, nami nakipokea mbele yake kwa mikono miwili. Nikifika kazini nampa Sindano. Kwa hiyo sijakataa chakula, na wala sijakila. Tena huenda yeye akanenepa. Mawe mawili, ndege mmoja, nitakosaje?

Jana alikula akashukuru. Leo ndani ya chakula mlikuwa na paja la kuku. Alilitazama sana kabla ya kulila, kisha akasema, "Tani, mtu anayegawa kuku ana jambo." Nikamwambia ni ukarimu. Akauliza tangu lini.

Jioni mezani nilitafuna kila tonge mara arobaini na kuhamishia nusu yake kwenye leso. Mke wangu alikuwa anaangalia. Au labda macho yake yalielekea tu huku. Siku hizi kila jicho naliona linaelekea huku.

Kuanzia sasa sitii kitu mdomoni hadi saa nane ya Ijumaa. Na maji pia basi, maana maji yana uzito. Kesho nitavaa makoti mawili nitoe jasho.

Ngazi ya kreni imekuwa ndefu. Leo nilipumzika mara tatu njiani, na kwenye kidato cha tisini niliona nyota mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Niko hai. Naliandika hilo kwanza.

Saa tano asubuhi nilikuwa nimenyanyua kontena, futi arobaini, limejaa vigae. Chini lori linasubiri, dereva ndani ya kibanda chake anapiga mluzi. Nikaanza kushusha. Pembeni mwa macho kukaingia giza, kama mtu anavuta mapazia pande zote mbili. Masikio yakaziba. Mikono kwenye vyuma vya kuendeshea ikaanza kutikisika, nikaliona kontena linayumba, nikaona paa la lori, kisha sikuona kitu.

Nikabonyeza redio. Nikasema sioni.

Sauti ya Sindano ikaja ya chini kabisa, kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Toa mikono kwenye vyuma, Tani. Vyote. Likiachwa linakaa palepale, haliendi popote. Vizuri. Namtoa dereva sasa. Vuta pumzi na mimi."

Nikasikia mlango wa lori ukifunguka, miguu ikikimbia. Nikavuta pumzi naye, sijui mara ngapi. Mapazia yakafunguka kiasi. Akaniambia mkono wa kushoto, kidogo. Simama. Tena kidogo. Mimi sikuwa nikiendesha, alikuwa ananiendesha yeye. Kontena lilipogusa lori nilisikia mlio wake kwenye mifupa yangu yote. Nikawaza lingemgusa dereva. Nikawaza mke wake naye anashona mahali fulani. Nilitapika, ila hakukuwa na kitu cha kutoka.

Nikasikia mtu anapanda. Alichukua muda mrefu sana. Mlangoni akatokea Sindano kwa magoti, ana chupa ya chai na ndizi mbili ndani ya shati, uso wake rangi ya majivu. Akatambaa hadi kwenye kiti, akaukumbatia mguu wa kiti kwa mikono yote miwili na kufumba macho.

"Kunywa," akasema. "Ina sukari nyingi. Na usiniambie tuko juu kiasi gani."

Nikanywa. Nikala ndizi zote mbili. Yeye akaongea akiwa amefumba macho. Leseni ile aliichukua kwa sababu baba yake alitaka. Juu hapawezi. Kidato cha ishirini tu huanza kusali. Tangu asikie habari ya kibandiko hapati usingizi, maana mimi nikianguka, au nikiumwa, au nikizidi, anayepandishwa ni yeye. Ndiyo maana ya mkate. Aliona nazidi kupauka, akaogopa.

Kumbe wiki mbili nilikuwa namwogopa mtu anayeniogopea.

Tulishuka saa moja baadaye, mimi mbele, yeye juu yangu macho yamefungwa, nikimwekea miguu kwenye vidato kimoja kimoja.

Saa nane nikapimwa. Mia moja na kumi na mbili na nusu. Nimeshindwa kwa kilo mbili na nusu, na ndizi mbili ndani yake. Muuguzi akaongea kwa mara ya kwanza. Alisema nyingi ya zile nilizopoteza ni maji, zitarudi kabla ya Jumatatu. Alisema anayekaa na njaa kutwa huishia kulivamia kabati jioni, nikashangaa nani amemwambia. Nikashushwa chini kwa miezi mitatu, nitatoa ishara pamoja na Sindano. Kreni ataishika mama mmoja wa zamu ya jioni. Sindano alipolisikia hilo akamshika muuguzi mkono kwa shukrani mpaka akaombwa auachie.

Muuguzi akanipa na karatasi. Asubuhi mayai mawili na kipande cha mkate. Saa nne tunda. Mchana maharage, na mboga zijae nusu ya sahani. Jioni samaki au kuku wa kuchemsha na mboga tena. Kula polepole, tembea, lala mapema. Presha tutaipima kila wiki.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Kontena, dereva, giza. Kisha presha. Kisha kaka, kwamba kila ninapoinama nahesabu miaka iliyobaki kufikia yake.

Alikuwa anamenya karoti. Akakiweka kisu chini.

"Mimi nakusikiliza unavyopumua tangu siku ya mazishi," akasema. "Ulidhani unaogopa peke yako?"

Akaisoma karatasi ya muuguzi mara mbili, akaibandika ukutani. Tulikula pamoja, polepole, mchana kweupe, mlango wa kabati ukiwa wazi. Sikumbuki lini nimeshiba hivyo bila kujificha.

Jumatatu, 17 Machi

Muuguzi alisema kweli. Mia moja na kumi na tano. Maji yamerudi yote, yamekuja na ndugu zake.

Lakini karatasi ni ya ajabu. Mayai yale mawili yananifikisha saa nne bila hata kuwaza. Maharage hukaa tumboni kama mgeni mwenye adabu, hayapigi kelele, hayaondoki haraka. Saa kumi na moja nikapita mbele ya kabati nikaenda zangu. Leo Sindano ameleta mkate, tukaugawana, kipande changu kikiwa kile cha kwenye karatasi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepimwa. Mia moja na kumi na nne na gramu mia nne. Nimepungua gramu mia sita kwa wiki, na sijalala njaa hata siku moja. Presha nayo imeshuka kidogo. Muuguzi alitabasamu. Akasema niendelee hivihivi, nisiongeze wala nisipunguze kitu, karatasi ni ileile.

Nimerudi nyumbani nikawaza. Yule muuguzi ni mtaalamu, sikatai, lakini hesabu hajaifikisha mwisho. Sahani moja ya karatasi inapunguza gramu mia sita kwa wiki. Basi sahani mbili zitapunguza kilo moja na mia mbili. Tatu, karibu mbili! Nashangaa jambo wazi kiasi hiki halijaandikwa popote. Labda kwa sababu yeye mwenyewe ni mwembamba, hajawahi kuwa na haraka.

Nimeanza leo hii. Asubuhi mayai sita na vipande vitatu vya mkate. Saa nne matunda matatu. Mchana Sindano alinitazama nikimaliza bakuli la tatu la maharage, akauliza kama nina uhakika. Nikamweleza hesabu. Akaenda kuosha bakuli lake, nadhani ilimshinda. Jioni hii samaki watatu. Mke wangu ameenda kusimama mbele ya ile karatasi ukutani, anaisoma upya.

Nimejaa kiasi kwamba naandika nimeegemea nyuma, daftari juu ya kifua. Njaa siiogopi tena. Naogopa jambo moja tu: kwa mwendo huu, kufikia Juni ya mwakani nitakuwa nimekwisha kabisa.